Ukocha wa maisha na kazi: unalipia nini hasa, na huduma hii huharibikia wapi

Ukocha, yaani kusaidiwa kwa maswali ufikie lengo lako la maisha au kazi, huuzwa kwa vikao, ila faida yake huonekana kati ya kikao kimoja na kingine. Mteja akitoka kwenye kikao hajui atafanya nini, siku gani na saa ngapi, basi amepata maongezi matamu tu, na hayo angeyapata bure kwa rafiki. Kwa kipimo hicho, huduma hii inastahili gharama yake pale inapofanywa na mtu aliyeiva, na ni hasara tupu pale inapofanywa na msemaji hodari.

Kifurushi cha kawaida kina mazungumzo ya utangulizi ya dakika 20 hadi 30, mara nyingi bila malipo, kisha mkataba wa maandishi, kisha vikao 6 hadi 12 vya dakika 45 hadi 60 kila kimoja. Nafasi nzuri kati ya vikao ni wiki mbili. Ukikutana na kocha kila wiki hupati muda wa kujaribu jambo, likakushinda, ukalijaribu tena. Ukikaa mwezi mzima, nusu ya kikao inaishia kwenye kukumbushana mlipofikia. Anayekuuzia vikao vya kila wiki kwa mwaka mzima muulize sababu, na sikiliza kama jibu linahusu lengo lako au kipato chake. Kuhusu njia, simu ya sauti pekee inatosha kabisa kwa watu wengi, mradi uwe mahali ambapo hakuna anayekusikia. Mteja anayeongea akiwa ndani ya gari lenye abiria wengine hatasema lile lililomleta.

Ndani ya kikao, makocha wengi hufuata mfumo unaoitwa GROW, uliozaliwa Uingereza miaka ya 1980 na kutangazwa zaidi na kocha John Whitmore. Una hatua nne: lengo, hali ilivyo sasa, njia zilizopo, na kile utakachofanya. Kwenye karatasi unaonekana mwepesi, na hapo ndipo wanagenzi wanapoteleza. Wanasikia lengo, wanarukia njia, na hatua ya pili wanaigusa juu juu. Kumbe kazi kubwa iko kwenye hatua hiyo ya pili: umeshajaribu nini, kikatokea nini, nani mwingine anahusika, umejuaje kwamba ni hivyo? Mteja akisema hana muda, kocha mzuri hambishii wala hamhubirii kuhusu nidhamu. Humwomba aandike saa za wiki iliyopita zilikokwenda, siku kwa siku, na mara nyingi karatasi hiyo inamaliza mjadala.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Mteja anataka kuacha ajira aanzishe biashara yake. Kocha anauliza, "Kutoka 1 hadi 10, unajiona uko tayari kwa kiasi gani?" Mteja anajibu, "Labda 4." Kocha dhaifu atauliza mbona si 10, na hapo mteja ataanza kuorodhesha vikwazo, tena atavitetea kama mali yake. Kocha aliyeiva atauliza, "Kwa nini 4, na si 2?" Sasa mteja analazimika kutaja alichonacho tayari: akiba kidogo, ujuzi, mtu mmoja aliyekwisha kuagiza bidhaa. Swali linalofuata ni, "Ukifika 5, kitakuwa kimebadilika nini?" Jibu la hapo huwa dogo na linalofanyika, kwa mfano kumaliza hesabu ya gharama za miezi mitatu ya mwanzo. Swali hili la alama limetoka kwenye tiba fupi ya mazungumzo iliyoasisiwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg huko Marekani, na ni miongoni mwa vifaa vichache vya ukocha ambavyo hata mtu asiye na kocha anaweza kujiuliza mwenyewe.

Halafu zinakuja dakika 10 za mwisho. "Nitajitahidi kuandika wasifu wangu wa kazi" ni ahadi isiyo na miguu. Ile inayotembea inasikika hivi: "Jumanne, nikishamaliza kuosha vyombo vya jioni, nitakaa mezani niandike kazi tatu nilizofanya na matokeo yake." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile", na imeonekana kwamba inamwongezea mtu uwezekano wa kutekeleza alichokusudia, kwa sababu uamuzi umeshafanyika kabla saa yenyewe haijafika. Kocha makini huongeza maswali mawili: nini kinaweza kukukwamisha, na nitajuaje kwamba umefanya? Ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Na usipofanya? Hapa ndipo makocha wanapotofautiana kweli. Wapo wanaokemea, wapo wanaosema "si kitu, tuendelee", na njia zote mbili zinaua kazi. Swali lenye maana ni hili: Jumanne ile, vyombo vilipokwisha, ilikuwaje? Mara nyingi hatua ilikuwa kubwa mno, au lengo lenyewe si la mteja bali ni la mwenzi wake, mzazi au bosi. Hilo la pili likigundulika mapema linaokoa pesa nyingi. Lisipogundulika, mteja ataendelea kuhudhuria kwa adabu, akikubali kila kitu bila kufanya chochote.

Suala la vyeti linahitaji macho. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita kocha leo na kuanza kutoza kesho. Shirikisho la Kimataifa la Makocha, maarufu kama ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, hutoa ithibati za ngazi tatu. Ya kwanza, ACC, inadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya ukocha. Ya pili, PCC, inadai saa 125 na 500. Ya juu kabisa, MCC, inadai saa 200 na 2,500. Ithibati hiyo huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, na jina la mwenye nayo unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao. Mtego uko kwenye maneno: "nimesoma kozi iliyothibitishwa na ICF" si sawa na "mimi nina ithibati ya ICF". Kozi inaweza kuwa imethibitishwa huku mhitimu wake hajawahi kupimwa akifanya kazi na mteja. Pamoja na hayo, ithibati haikuambii kama mtaelewana. Inakuambia tu kwamba kazi yake imewahi kusikilizwa na watu wanaoijua.

Mipaka ya huduma nayo isifichwe. Kocha si mtaalamu wa afya ya akili. Mteja aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa, aliyepoteza hamu ya kila kitu, au mwenye mawazo ya kujidhuru anahitaji daktari au mtaalamu wa saikolojia, na kocha mwaminifu atasimamisha kikao na kulisema hilo waziwazi. Anayeahidi kuponya majeraha ya utotoni kwa vikao vitatu mkimbie. Vilevile, anayetaka kuambiwa cha kufanya atafute mlezi wa kazi aliyeipita njia hiyo, au mshauri wa fani husika. Kwa kocha atakutana na maswali juu ya maswali, na atatoka akiwa amekasirika, pengine kwa haki yake.

Mwajiri anapolipa, mambo hugeuka. Kuna pande tatu sasa, na kabla ya kikao cha kwanza lazima iandikwe nani ataambiwa nini. Utaratibu unaokubalika ni mwajiri kupewa mahudhurio na malengo yaliyokubaliwa, basi. Yaliyosemwa ndani hubaki ndani, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au sheria ikidai. Pasipo maandishi hayo mteja huongea kwa tahadhari, kocha huhisi kuna kitu kimefichwa, na kampuni inalipia vikao sita vya kupongezana.

Nani ananufaika zaidi? Aliyepandishwa cheo akakuta anaongoza waliokuwa wenzake jana. Anayehama fani. Anayerudi kazini baada ya kukaa nyumbani muda mrefu, au anayekaribia kustaafu. Hawa wana uamuzi halisi mbele yao na tarehe inayowakaribia. Anayekuja na "nataka kujiamini" naye anaweza kusaidika, ila kikao kizima cha kwanza kitakwenda kwenye kutafuta kujiamini wapi, mbele ya nani, akifanya nini. Aliye na madeni yanayomkaba asikope ili alipie kocha.

Kuhusu malipo, usilipe kifurushi chote siku ya kwanza. Omba kulipa kwa awamu, na hakikisha mkataba unataja mapitio ya katikati, tuseme baada ya kikao cha tatu, ambapo kila upande unaweza kuacha na pesa ya vikao vilivyobaki ikarudishwa. Sharti la kutoa taarifa saa 24 kabla ya kuahirisha ni la kawaida na ni la haki. Ofa ya "bei inapanda usiku wa leo" na ahadi ya kipato cha kiasi fulani si za kawaida hata kidogo. Siku ya mapitio, fungua daftari usome ahadi za vikao vilivyopita. Kama ni ileile imeandikwa mara tatu kwa maneno tofauti, na kocha hajawahi kuiulizia, mwandikie ujumbe mfupi wa kusitisha na udai salio lako.