Uzoefu wangu katika mgahawa wa Kihindi hapa Mbeya: naan tamu, maji ya kunawa hakuna

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa zimekwishapita wiki kadhaa tangu nilipompeleka mama yangu mzazi kula katika ule mgahawa wa Kihindi ambao kwa muda sasa umekuwa gumzo la mji wa Mbeya. Jina lake silitaji, na wakazi wa hapa hawahitaji kutajiwa. Sitarudi pale, wala simshauri mtu yeyote ampeleke pale mzazi wake mtu mzima, na sababu yangu haihusu bei, wala pilipili, wala muda wa kusubiri, mambo ambayo wengi wameyalalamikia kabla yangu. Sababu yangu ni maji ya kunawa mikono.

Mji umegawanyika juu ya mgahawa huu. Wako wanaoapa kwamba nyama ya mbuzi haijapata kupikwa namna ile katika mji huu, na wako wanaosema ni taa za rangi na viti vya kupigia picha tu, mtu anarudi nyumbani na njaa yake. Wazee waliozoea sambusa na bajia za mtaa wetu wa Uhindini wanakwenda mbali zaidi, wakisema kwamba hiki si chakula cha Kihindi wanachokijua wao. Kwa hilo wana hoja, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliofungua maduka Afrika Mashariki walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, na vyakula vyao tumeishi navyo mpaka majina yake yamekuwa yetu: chapati, bajia, achari, kachumbari. Mgahawa huu unapika vya kaskazini, vya upande wa Punjab na Delhi, yaani nyama iliyolazwa kwenye mtindi na viungo, mchuzi mzito wa nyanya na siagi, na mikate ya tanuri la udongo iitwayo naan. Mimi nilikuwa mtetezi wake mkubwa. Ofisini nimebishana na watu kwa ajili ya mgahawa ule zaidi ya mara moja, nikiwaambia kwamba kitu kuwa kigeni kwako hakukifanyi kiwe kibaya.

Mama alikuja kutoka Tukuyu kuangaliwa macho hospitali ya rufaa, akakaa kwangu siku tatu. Yalikuwa majira ya baridi yetu, zile wiki ambazo ukungu hauondoki mlima Loleza mpaka jua limekwishapanda, na nilitaka jioni yake ya mwisho akae mahali penye joto, ale kitu ambacho hajapata kukionja maishani. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akajifunga kingine mabegani juu ya sweta. Tulipata meza iliyo karibu na kioo cha jikoni, mahali ambapo mteja anamwona mpishi wa tanuri akifanya kazi, na kwa muda wa robo saa hivi sijamwona mama yangu akiwa na furaha kama ile tangu baba afariki.

Nieleze alichokuwa akikiangalia, maana ndicho kizuri kuliko vyote pale. Mpishi anachukua donge la unga wa ngano, analirusha kutoka kiganja hiki kwenda kile mpaka linatanuka, analitandaza juu ya kitakia cha kitambaa, kisha anaingiza mkono mzima katika mdomo wa tanuri, ambalo ndani yake joto linaweza kuzidi nyuzi 400, na kuubandika mkate ukutani. Mkono unatoka. Mkate unabaki umening'inia juu ya makaa, unavimba, unatoka madoa meusi, na kabla hujamaliza kushangaa anaubandua kwa fimbo mbili za chuma. Mama aliegemea kioo kabisa. Kila mkate ulipotoka alisema taratibu, kwa Kinyakyusa, neno letu la kushukuru, "ndaga", kana kwamba yule bwana angeweza kumsikia.

Chakula kilipoletwa, mama alimwomba mhudumu maji ya kunawa. Binti yule alionekana kutoelewa, akaleta tishu. Mama akarudia kwa upole kwamba anaomba maji na sabuni, anawe mikono. Binti akaelekeza chooni, nyuma, kupita meza zote na kushuka ngazi, kwa mtu ambaye mchana huohuo ametiwa dawa ya macho na haoni vizuri ngazi inapoanzia. Nilisimama nimsindikize. Mama alikataa, akasema chakula kitapoa, akajifuta kwa ile tishu, akamega naan kwa vidole vya mkono wa kulia na kuchovya kwenye mchuzi.

Hapo ndipo alipokuja msimamizi. Ni kijana wa hapahapa kwetu, na nalisema hili ili mtu asije akaligeuza jambo hili kuwa la Wahindi. Hakutoa shikamoo. Alisimama upande wa bega la mama, akausogeza uma uliokuwa mezani mpaka ukagusa sahani yake, akasema, "Mama, hapa tunatumia uma na kisu."

Mama akajibu, "Mwanangu, mimi nimezoea mkono."

Kijana akasema, "Naelewa mama, lakini kuna wateja wengine. Hapa siyo kwa mama lishe."

Hakupaza sauti. Nafikiri yeye mwenyewe aliona amesema kwa adabu. Lakini mama yangu alikuwa mama lishe. Kwa miaka mingi aliuza wali na maharage karibu na stendi ya Tukuyu, akiamka saa kumi alfajiri katika mvua ya Rungwe ambayo anayeifahamu anaifahamu, na kwa sufuria zile sisi watoto wake wanne tulivaa sare za shule. Aliuweka chini mkate. Akachukua uma kwa mkono wa kushoto, kisha akauhamishia wa kulia, akajaribu kuikata naan kwa ubavu wa uma, na naan haikatiki kwa uma.

Napenda kumwambia kijana yule jambo ambalo siku ile sikuweza kulisema kwa sababu ya hasira. Kwa mama lishe, mteja ananawishwa kabla hajawekewa sahani. Birika lipo, beseni lipo, kipande cha sabuni kipo, na mara nyingi mwenye chakula mwenyewe ndiye anayekumiminia maji, hata kama umekuja na shilingi elfu moja na mia tano tu mfukoni. Kwa hiyo alipotaka kututenga na mama lishe, alitutenga na mahali ambapo mteja anaheshimiwa kuliko pale kwake. Tena naan, kwa asili yake, ni chakula cha mkono. Nchini India kwenyewe mamilioni ya watu wanakula kwa mkono wa kulia kila siku, wanamega mkate, wanakunja kipande, wanazoa nacho mchuzi, na mtu hakosi maji ya kunawa. Mama hakuwa amekosea chochote. Alikuwa anakula chakula kile sawasawa kuliko mtu yeyote ukumbini.

Nilimwita msimamizi kando nikamweleza. Aliniambia ni utaratibu. Nikamuuliza umeandikwa wapi, akarudia kwamba ni utaratibu, na kwamba wapo wateja waliokwishalalamika. Nikaomba kuonana na mwenye mgahawa, nikaambiwa amesafiri. Niliporudi mezani naan ilikuwa imepoa na kuwa ngumu kama ngozi, siagi imeganda juu ya mchuzi, na mama amekunja mikono chini ya kitenge akisema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Niliomba tufungiwe, nikalipa, na kwa haki niseme kwamba risiti ya mashine nilipewa bila kuidai na hesabu ilikuwa sahihi.

Tulitoka kwa njia ya pembeni ili kukwepa zile ngazi za mbele, tukapita mlango wa jikoni uliokuwa wazi. Yule mpishi wa tanuri alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, sahani ya wali na dengu juu ya magoti, akila kwa vidole. Mama alisimama akamwangalia. Yeye akatuinamia kichwa kidogo, mkono wake ukiwa kwenye wali, nasi tukaendelea na safari. Ndani ya gari sikuweza kuzungumza mpaka tulipofika Mafiati.

Sasa kuhusu chakula chenyewe. Ningependa kusema kilikuwa kibaya, na siku mbili za mwanzo nilikuwa nikisema hivyo kwa kila aliyeniuliza. Nilikuwa nasema uongo. Mchuzi wa kuku ule una harufu ya majani makavu ya uwatu ambayo sijaipata kwingine hapa mjini, na mbuzi alikuwa laini hata baada ya kupashwa moto kwangu usiku ule, tulipokula tena mimi na mama jikoni, baada ya kunawa, kwa mikono yetu. Alimaliza kila kitu. Wanaosema ni mapambo matupu wanakosea, na hilo nalikubali kwa uchungu. Lakini ladha nzuri haifuti kilichotendeka mezani, na mpishi hodari namna ile anastahili kufanya kazi mahali ambapo chakula chake kinaruhusiwa kuliwa inavyopasa.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Jumapili iliyopita mama alinipigia simu kutoka Tukuyu. Hakuuliza habari za msimamizi, wala hakumtaja. Alitaka nimweleze kwa nini ule mkate haudondoki kwenye moto, maana amewasimulia majirani na hawaamini. Nikamweleza kwamba unga uliolowana unang'ang'ania udongo wenye moto, na unyevu ule ukikauka mkate unakuwa umeiva na kuanza kujibandua wenyewe, ndiyo maana mpishi haondoki mdomoni mwa tanuri. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema maparachichi yakishauzwa atakuja tena kuangaliwa macho, na akauliza kama nitampeleka akamwone tena yule bwana wa mikate ya ukutani.

Nimemwambia tutakwenda. Lakini safari hiyo kitu cha kwanza kuagizwa kitakuwa maji ya moto na sabuni, nayo nitayaagiza kwa msimamizi yuleyule, na menyu haitafunguliwa mezani petu mpaka mama yangu awe amenawa.