Jenereta si asili: meli ndogo ya Galápagos na "rafiki yangu" wao

Nianze na hukumu, anayetaka kuishia hapa aishie: visiwa nenda, meli ile usipande. Jina lake silitaji. Meli ndogo za watalii kule Galápagos, visiwa vya Ecuador, hizi za abiria kumi na kitu, zina matangazo ya aina moja, na nadhani tabia zao pia hazipishani sana. Au labda zinapishana. Mimi nimepanda moja tu na imenitosha.

Kabla sijahamia Marekani nilikuwa fundi wa injini za meli Mombasa. Ujana wangu umeishia kwenye vyumba vya injini, na sikio langu moja limebaki hukohuko. Lililosalia bado linafanya kazi. Usiku wa kwanza, meli imetia nanga karibu na kisiwa cha Baltra, mke wangu kalala fofofo, mimi nasikiliza jenereta. Jenereta inayopozwa kwa maji ya bahari hutema maji pamoja na moshi, ndiyo maana mlio wake huwa mzito, wa majimaji. Ile ilikuwa inakohoa kikavu. Nikatoka sitahani, nikachungulia ubavuni: moshi tele, maji ya kudondoka. Fundi yeyote wa Kilindini angekwambia pampu haivuti. Ama chujio limeziba, ama impela imeisha, yaani lile gurudumu dogo la raba lenye mapezi linalozunguka ndani ya pampu. Ni kitu cha kubeba kiganjani, na mashua yoyote yenye akili hubeba cha akiba.

Asubuhi nikamfuata meneja wa safari nikamweleza, tena kwa upole. Kijana nadhifu, shati limenyooka, karatasi mkononi. Hakuinua hata macho. "Rafiki yangu, uko likizo. Waachie wataalamu." Kisha akanipigapiga bega.

Mimi nina wajukuu. Hajaniamkia, hajaniuliza jina, tayari tushakuwa marafiki wa kupigana mabega! Nikanyamaza, maana mke wangu alikuwa ananitazama, na safari hii ilikuwa ndoto yake.

Haki lakini isemwe. Siku zile za mwanzo zilikuwa tamu kiasi kwamba nilikaribia kumsamehe. Kisiwa cha North Seymour unapita katikati ya ndege wenye miguu ya buluu, dume ananyanyua mguu mmoja, anaushusha, ananyanyua wa pili, polepole, kama bwana harusi anayeonyesha viatu vipya, na wewe umesimama pale wala hakujali. Sheria ni kukaa mita mbili kutoka kwa mnyama, ila mnyama mwenyewe hajasoma sheria. Iguana wa baharini wamelala njiani wanapiga chafya za chumvi. Hao ndio mijusi pekee duniani wanaojitafutia chakula baharini. Kiongozi wetu, mzaliwa wa kisiwa cha Isabela mwenye leseni ya hifadhi (bila mtu kama yeye hukanyagi maeneo yale, na kila mmoja haruhusiwi kuongoza zaidi ya watalii 16), alikuwa anajua kunyamaza pia, jambo ambalo waongoza watalii wengi hawalijui. Pale kisiwa cha Bartolomé mke wangu, aliyekulia Mombasa na hajawahi kuingia baharini kupita magoti, alivaa jaketi la kuokolea maisha akaingia. Simba wa baharini mchanga akamjia uso kwa uso, akamzunguka, akaondoka, akarudi. Pengwini naye akapita kwa kasi zake. Pengwini, karibu na ikweta! Ni kwa sababu ya mikondo ya maji baridi. Mke wangu alitoka majini anatetemeka na anacheka, sijamwona hivyo siku nyingi.

Usiku uleule, tukizunguka kuelekea magharibi, jenereta ikanyamaza.

Taa zikazima, kiyoyozi kikazima, vyoo vikagoma, kwa sababu vyoo vya meli ile vinategemea pampu za umeme. Vyumba vikawa tanuri. Nikashuka chini bila kuomba ruhusa ya mtu. Fundi wa meli, mtu wa Guayaquil, hajui Kiingereza na mimi Kihispania sikijui. Hatukukihitaji. Akanionyesha impela: mapezi yote yamekatika, hakuna hata moja lililobaki. Nikamuuliza kwa mikono, ya akiba? Akafungua droo tupu. Nikamwonyesha jenereta ya pili pembeni, imefunguliwa kichwa, boliti zimepangwa kwenye kitambaa. Akatoa daftari, akaweka kidole kwenye orodha ya vipuri alivyoomba, tarehe zake ni za kabla hata sisi hatujafika, halafu akaelekeza kidole hichohicho juu, kwenye ofisi. Basi hasira zangu kwa chumba cha injini ziliishia hapo. Za juu zikaongezeka.

Nahodha akaamua kugeuza, twende taratibu hadi Puerto Ayora, mji wa bandari wa kisiwa cha Santa Cruz. Alifanya sawasawa, nami ningefanya hivyo. Lakini elewa tulichopoteza. Upande wa magharibi ndiko kuna Fernandina, kisiwa ambacho volkano yake, La Cumbre, ililipuka tena Machi 2024. Huko Punta Espinoza iguana wanalaliana kwa marundo, na huko ndiko kwa mnandi asiyeruka, ndege aliyepoteza uwezo wa kuruka na hapatikani popote duniani isipokuwa Fernandina na pwani za Isabela. Mke wangu alikuwa na picha yake kwenye simu tangu tulipolipia. Wala huwezi kusema tutaenda keshokutwa. Hifadhi ndiyo inayoipangia kila meli kituo na siku yake, ukikosa zamu umekosa. Ni utaratibu mzuri, bila huo visiwa vingeshakanyagwa vikaisha, nauunga mkono hata kama umenikata mimi.

Sasa msikilize meneja. Katukusanya chumba cha chakula, tunanuka jasho wote, anatabasamu: "Marafiki zangu, Galápagos ni asili, na asili haitabiriki."

Nikasimama. Nikamwambia volkano ni asili, mawimbi ni asili, jenereta si asili. Impela ni raba, inanunuliwa dukani! Akaniambia natisha abiria wengine. Mimi ndiye ninayetisha.

Fidia yetu ikawa kupelekwa kituo cha utafiti cha Charles Darwin kutazama kobe. Jamani, mimi ni wa Mombasa. Kobe wakubwa tunao Bamburi, Haller Park, palepale ambapo kobe Mzee alifanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004. Nikaingia nimenuna. Nikatoka sijui nisemeje. George Mpweke, kobe wa mwisho wa aina ya kisiwa cha Pinta, alikufa 2012 na sasa amesimamishwa pale, amekaushwa, shingo ameinyoosha. Halafu kiongozi akatusimulia habari za Diego, dume aliyezaa sana hadi akachangia kukijaza tena kobe kisiwa cha Española kisha akarudishwa kwao 2020, na kila mtu akacheka. Kwa hiyo sawa, kobe walinilainisha. Nyota tatu, nikajiambia.

Jioni ya mwisho nikakuta kitandani bahasha ya bakshishi, ndani kikaratasi kinachopendekeza kiasi. Nyota zikashuka tena. Bahasha niliirudisha tupu, pesa nikawapa mkononi kiongozi na yule fundi.

Dola 200 za kiingilio cha hifadhi, zilizopandishwa kutoka 100 mwaka 2024, sizilalamikii hata kidogo. Nalalamikia kampuni iliyonijibu, baada ya barua zangu kadhaa, kwamba hitilafu "ilikuwa nje ya uwezo wetu" na kunipa punguzo la safari ijayo. Droo tupu iko nje ya uwezo wa nani?

Nyota mbili, basi. Mke wangu anasema nne, na anasema mimi ningelalamika hata peponi. Ameshaanza kutafuta meli nyingine ya kwenda Fernandina. Nimekubali, mradi nionyeshwe chumba cha injini kabla sijalipa, na yule kijana nikimkuta huko, ataniita mzee.