Disketi za inchi 3 kwenye Amstrad CPC 6128: uzoefu wangu

Aliyezoea disketi za inchi 3.5 akishika hii ya inchi 3 lazima aigeuzegeuze mkononi. Ni nene, ndefu kidogo, na kilango chake cha bati kimejificha ndani ya ganda gumu, kwa hiyo hakuna bati la nje la kupinda na kunasa kwenye draivu. Kwa uimara wa disketi yenyewe, sijaona ya kuishinda.

Ninaitumia kwenye CPC 6128, kompyuta ya mwaka 1985 niliyoinunua mtumba hapa Uingereza. Draivu imo humo humo, ubavuni mwa kibodi. Unaandika CAT, orodha ya faili inatoka papo hapo. Waliowahi kusubiri gemu lipakie kutoka kwenye kaseti wanajua raha hiyo.

Kinachokera ni kwamba draivu ina kichwa kimoja tu cha kusoma na kuandika. Upande mmoja ukijaa, yaani KB 178 hivi za faili, unaitoa disketi na kuigeuza kama kaseti ya taarabu.

Halafu kuna mkanda wa mpira unaoizungusha. Mpira wa miaka 40 hulegea, au huyeyuka ukawa kama utomvu. Mzunguko ukishuka chini ya ule wa 300 kwa dakika, kioo kinakuuliza "Retry, Ignore or Cancel?", na ubonyeze R mpaka kidole kife ganzi, jibu ni lile lile. Wangu niliubadilisha kwa bisibisi na subira, nikafuta utando mweusi kwenye puli kwa spiriti, na kichwa nikakisafisha kwa pamba. Sasa inasoma vizuri. Basi usiitupe disketi yoyote kabla hujaukagua mkanda.

Hitachi, Matsushita na Maxell ndio waliokuwa nyuma ya muundo huu, lakini kompyuta ya Macintosh ya 1984 ilikuja na disketi ya Sony ya inchi 3.5, Atari ST na Amiga zikafuata, mchezo ukaisha. Kampuni ya Amstrad iling'ang'ania, hata kompyuta yake ya Spectrum +3 ya 1987 ikatoka na inchi 3. Kwa kuwa wengine waliuacha muundo huu, disketi tupu leo bei yake haishikiki.

Disketi naipa nyota 5, draivu 3. Ukitaka magemu bila usumbufu, funga Gotek, kifaa kinachojifanya draivu ya disketi lakini kinasoma flashi. Yangu nimeiweka kama draivu B, yaani ya pili, nanakilia faili za zamani kabla hazijafutika.