Dúchas.ie: Hifadhi ya Ngano za Ayalandi Mikononi mwa Mwandishi wa Fantasia ya Vijana

Mwandishi anayekusudia kuandika riwaya ya fantasia kwa ajili ya vijana, na anayetaka kuitia mizizi katika ngano za Wakelti, yaani watu wa Ayalandi, Uskoti, Wales na nchi jirani zenye asili moja ya lugha na mila, kwa kawaida huanza na kamusi za miungu na mashujaa. Vitabu hivyo humpa majina mengi, nasaba ndefu na vita vikubwa, lakini havimwambii msichana wa miaka 13 aliogopa nini alipotumwa kisimani jioni. Tovuti ya Dúchas.ie, ambayo ninaitathmini hapa kwa jicho la mtunzi wa riwaya, inalijibu swali hilo vizuri kuliko chanzo kingine chochote ninachokifahamu.

Tovuti hii ni hifadhi ya kidijitali ya Mkusanyo wa Taifa wa Ngano wa Ayalandi, unaotunzwa katika University College Dublin. Kazi ya kuuweka mtandaoni ilianza mwaka 2012 kwa ushirikiano na Dublin City University pamoja na wizara ya serikali inayoshughulikia utamaduni. Kuisoma ni bure, na kurasa zake za maelezo zinapatikana kwa Kiayalandi na kwa Kiingereza. Ina sehemu kadhaa, ikiwemo ya picha za zamani na ya miswada ya wakusanyaji waliokuwa wakilipwa kwa kazi hiyo, lakini sehemu ninayomshauri mwandishi wa vijana aifungue kwanza ni Mkusanyo wa Shule. Kati ya mwaka 1937 na 1939, Tume ya Ngano ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka 1935 chini ya uongozi wa Séamus Ó Duilearga, iliwaomba wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi, watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi, wawaulize wazazi, mababu na majirani wao habari za kale na kuziandika. Zaidi ya watoto 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 waliitikia, na kazi yao inafikia takribani kurasa 740,000. Mwaka 2017 mkusanyo mzima wa Tume hiyo uliingizwa katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kwa mwandishi wa vijana, kinachoupa mkusanyo huu thamani ya pekee ni umri wa walioshika kalamu. Waliosimulia walikuwa watu wazima, na wengi wao walikuwa wazee waliokulia katika nyumba ambazo bado ziliikumbuka Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845; lakini aliyechagua maneno, aliyefupisha, aliyekumbuka rangi ya kofia na kulisahau jina la mfalme, alikuwa mtoto wa umri uleule wa msomaji anayekusudiwa. Sauti yake haina mapambo. Jambo la ajabu hutajwa katika sentensi ileile inayomtaja ng'ombe, ua wa shamba na saa ya kurudi nyumbani, na mara nyingi kisa hukoma ghafla hatari inapopita. Hapa ndipo fantasia nyingi za vijana zinapokwama: mhusika hushangaa kwa kurasa nyingi mbele ya mlango wa ulimwengu mwingine, ilhali mtoto wa kijijini Ayalandi mwaka 1938 alijua tangu utotoni mlango huo uko katika shamba lipi na ni nani aliyeonywa asilime karibu nao. Mwandishi akisoma kurasa za kutosha, ataanza kuusikia mwendo huo wa sentensi, na ninaamini huo ndio msaada mkubwa kuliko orodha yoyote ya viumbe.

Utajiri wa pili ni sheria. Ulimwengu wa kubuni husimama kwa sheria zake, na watoto hawa waliziandika kwa usahihi wa watu wanaotarajia kuzihitaji. Anayekula chakula cha aos sí, yaani wale watu wasioonekana wanaokaa ndani ya vilima na ngome za kale za udongo, harudi tena nyumbani. Chuma huwazuia, na ndiyo sababu koleo la mekoni liliwekwa juu ya susu ya mtoto mchanga. Mtu anayepotea usiku katika shamba analolijua vizuri amekanyaga udongo wa upotevu, kipande cha ardhi kilichorogwa, na hataiona njia mpaka avue koti lake na kulivaa ndani nje. Anayepita juu ya majani ya njaa, nyasi zilizorogwa, huishiwa nguvu papo hapo asipokuwa na kipande cha mkate mfukoni. Mgeni anayeingia nyumbani wakati maziwa yanasukwasukwa sharti ashike mti wa kusukia japo kwa muda mfupi, la sivyo atadhaniwa amekuja kuondoka na siagi ya nyumba hiyo. Baada ya Samhain, sikukuu inayoanza jioni ya 31 Oktoba, matunda ya vichakani hayaliwi kwa kuwa púca, kiumbe anayebadili umbo, amekwisha kuyaharibu. Kitana kilichookotwa njiani huachwa kilipo, maana kinaweza kuwa cha bean sí, yule mwanamke anayelia kabla ya kifo, naye atakuja dirishani usiku kukidai. Na anayekirudisha hukishika kwa koleo, kamwe si kwa mkono.

Kila moja ya sheria hizo ina kosa, adhabu na njia ya kutokea, na mambo hayo matatu yanatosha kubeba sura nzima ya riwaya. Kuna simulizi moja ambalo ningependa waandishi wengi zaidi walitumie. Linasema kwamba aos sí hawawezi kucheza mechi yao ya hurling, ule mchezo wa magongo na mpira mdogo, mpaka wapate binadamu aliye hai wa kucheza upande wao. Fantasia ya vijana imechoshwa na shujaa aliyetabiriwa tangu kuzaliwa, na hapa kuna sababu nyingine kabisa ya ulimwengu wa pili kumtaka kijana wa kawaida: wanamhitaji kwa sababu ana pumzi na damu, mambo ambayo wao hawana, na wakishamaliza kumtumia huenda wasimrudishe.

Namna ya kutafuta ndani ya tovuti inastahili sifa zake. Mtu anaweza kuingia kwa jina la kaunti, la shule, la mtoto aliyeandika, la aliyesimulia, au kwa mada. Walimu walipewa kijitabu cha mwongozo kilichotayarishwa na Seán Ó Súilleabháin chenye mada 55, na mada hizo bado zinaonekana katika mpangilio wa kurasa: hazina zilizofichwa, visima vitakatifu, ngome za aos sí, tiba za kienyeji, hali ya hewa, mhunzi, viazi, nyakati za njaa, michezo ya watoto. Ushauri wangu ni kutoishia kwenye mada ya ngome. Ukurasa kuhusu kusukasuka maziwa au kuhusu kiwanda cha mhunzi una uchawi mwingi kuliko mtu anavyotarajia, na zaidi ya hayo unampa mwandishi harufu, vyombo na ratiba ya siku, vitu ambavyo bila hivyo ulimwengu wa kubuni hubaki mwepesi. Kila simulizi limefungwa kwenye mahali, mara nyingi kitongoji chenye jina lake, na majina hayo yanaweza kufuatiliwa katika Logainm.ie, hifadhidata ya majina ya mahali ya Ayalandi, ambamo mwandishi ataona umbo la Kiayalandi la kila jina. Huko atajifunza kwamba ngano hizi hazitokei "msituni" au "mlimani" kwa ujumla. Hutokea penye kona fulani ya barabara, chini ya mti fulani wa miiba uliosimama peke yake.

Kisa kimoja kinaweza kuonyesha faida ya kusoma matoleo mengi ya jambo lilelile. Mwanamke anajigeuza sungura alfajiri ya 1 Mei, siku ya Bealtaine, sikukuu ya mwanzo wa kiangazi, ili anyonye maziwa ya ng'ombe wa jirani. Kisa hiki kinarudi katika kaunti nyingi, na kila mtoto ana namna yake: mahali pamoja sungura anapigwa risasi ya fedha, pengine anang'atwa na mbwa mweusi mlangoni anapojaribu kuingia ndani, lakini karibu kila mara damu inafuatwa hadi kwenye kibanda ambamo bibi kizee amelala na jeraha mguuni. Anayeyalinganisha matoleo hayo ataona ni kiungo kipi kisichoweza kuondolewa, nacho ni jeraha linalovuka kutoka umbo moja hadi jingine, na ni vipi vinavyoweza kubadilishwa apendavyo. Ataona pia swali ambalo watoto wa mwaka 1938 hawakuliuliza lakini riwaya ya leo inaweza kulijenga vizuri: kwa nini mshukiwa ni mwanamke mzee, maskini, anayeishi peke yake?

Swali hilo si la kubuni tu. Mwezi Machi 1895, huko Ballyvadlea katika kaunti ya Tipperary, Bridget Cleary aliuawa na kuchomwa na mumewe, ambaye alidai kwamba mke wake wa kweli alikuwa amechukuliwa na kwamba aliyebaki nyumbani alikuwa kiumbe aliyewekwa badala yake. Mume huyo alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Masimulizi ya watu waliobadilishwa yamo kwa wingi katika mkusanyo huu, na mengi yana furaha ya hila iliyofaulu: maji yanachemshwa ndani ya maganda ya mayai, kiumbe aliye kwenye susu anashangaa kwa sauti ya mzee, siri inafichuka. Mkusanyo unayatoa kama yalivyosimuliwa, bila maelezo pembeni, na hivyo ndivyo hifadhi inavyopaswa kufanya. Kazi ya kujua kwamba imani hiyo iliwahi kumwangukia mgonjwa, mlemavu au mke asiyetii ni ya mwandishi, na anayewaandikia vijana ana wajibu mzito zaidi kuikamilisha.

Mipaka ya mkusanyo inafaa kueleweka mapema. Kaunti 6 za Ayalandi ya Kaskazini hazikushirikishwa, kwa hiyo riwaya yenye mandhari ya Antrim au Fermanagh itahitaji vyanzo vingine. Mwalimu ndiye aliyechagua insha za kunakiliwa katika daftari kuu la shule, na mkono wake unahisika: lugha ni safi, mambo ya aibu ni machache, na pengine kisa kinachoanza kwa vitisho kinafunikwa haraka kwa maneno ya kidini. Sehemu ya kurasa imeandikwa kwa Kiayalandi, mara nyingi kwa mwandiko wa Kigaeli wa zamani. Wafanyakazi wa kujitolea wamezichapa upya kurasa nyingi ajabu, na kazi yao inastahili heshima kubwa, ingawa bado ni vyema kuliangalia daftari lenyewe, ambalo picha yake huwekwa kando ya maandishi. Anayetafuta utenzi mrefu wa Cú Chulainn au mkondo mzima wa hadithi za Fionn mac Cumhaill, mashujaa wakuu wa ngano za Ayalandi, atapata vipande tu, kwa sababu hadithi hizo ndefu zilikuwa fani ya wasimulizi mahiri, na huenda asingepata hata vipande hivyo kama watoto wasingewapenda majitu kiasi kile.

Zaidi ya yote, hii ni hifadhi ya Ayalandi, na haipaswi kutumiwa kana kwamba inazungumza kwa niaba ya Wakelti wote. Wales, Cornwall, Bretagne, Kisiwa cha Man na Uskoti zina viumbe vyake na kalenda zake. Kwa Uskoti kuna Tobar an Dualchais, tovuti ya rekodi za sauti zinazotoka kwa sehemu kubwa katika School of Scottish Studies ya Edinburgh, ambamo mtu anaweza kumsikia msimulizi mwenyewe akivuta pumzi kabla ya neno gumu. Riwaya inayomweka púca, farasi wa maji wa Uskoti na joka la Wales katika bonde moja bila kueleza walivyofika hapo inapoteza kitu ambacho Mkusanyo wa Shule unakilinda katika kila ukurasa, yaani uhusiano wa kiumbe na ardhi yake. Uhusiano huo bado una nguvu: mwaka 1999, huko Latoon katika kaunti ya Clare, msimulizi Eddie Lenihan alipaza sauti kuutetea mti wa miiba uliokuwa kwenye njia ya barabara kuu mpya, na barabara ikajengwa bila mti huo kung'olewa.

Kuhusu haki za matumizi, tovuti inatoa maudhui yake kwa leseni ya Creative Commons inayotaka chanzo kitajwe na inayokataza matumizi ya kibiashara. Sheria ya kale kuhusu kitana au chuma ni mali ya wote, na mwandishi yuko huru kuitungia kisa kwa maneno yake mwenyewe. Maneno ya mtoto yaliyonakiliwa neno kwa neno katika riwaya inayouzwa ni jambo jingine, na ruhusa yake iombwe kwa wasimamizi wa Mkusanyo kabla mswada haujafika kwa mchapishaji. Majina ya waliosimulia na waliotuhumiwa kuiba siagi yabadilishwe vilevile, kwa kuwa wajukuu wao bado wanaishi katika vitongoji vilevile.