Uzoefu wangu: sindano za Kichina kwa tumbo sugu

Kwa yeyote anayesumbuliwa na tumbo miaka nenda miaka rudi: tiba ya sindano, yaani akupancha, ilinipunguzia maumivu lakini haikuniponya. Nalisema mapema kwa sababu hapa Dar es Salaam kuna matangazo yanayoiahidi kwa kila kitu, hadi nguvu za kiume.

Nina IBS, yaani tatizo sugu la utumbo kutofanya kazi sawasawa bila kidonda wala uvimbe. Tumbo linajaa gesi na kusokota, wiki hii choo hakitoki, wiki ijayo nashinda msalani. Daktari alifikia jina hilo baada ya kupima damu na choo, kisha kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, ambako hakukuta kidonda wala uvimbe. Vipimo hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, au kuharisha kukikuamsha usiku, nenda hospitali. Huenda ni ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, au saratani, na hapo sindano hazishiki nafasi ya dawa.

Kliniki niliyokwenda ina daktari Mchina. Alisoma majibu yangu, akatazama ulimi, akashika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, kimya, mkono mmoja kisha wa pili. Pakiti ya sindano aliifungua mbele yangu: nyembamba mno, hazina dawa ndani. Akalaza vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, na vilipoishia akachoma kando ya mfupa wa muundi. Pale panaitwa Zusanli. Nyingine akazichoma kulia na kushoto kwa kitovu, panapoitwa Tianshu. Nesi akaniambia, "Legeza tumbo, mama, ukikaza itauma." Mchomo haukuuma. Kilichonishangaza ni uzito uliofuata, ukitambaa toka chini ya goti hadi juu ya wayo. Nililala hivyo kama nusu saa.

Baada ya wiki kadhaa msokoto ulipungua na usingizi ukarudi. Choo kilibaki vilevile mpaka mtaalamu wa lishe aliponipunguzia maharage, vitunguu na maziwa.

Mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walichapisha mapitio ya tafiti 17 zenye washiriki 1,806 kuhusu akupancha na IBS. Waliochomwa sindano halisi hawakupata nafuu kuwazidi waliochomwa za kuigiza. Katika tafiti za China, ambako wagonjwa walijua wanapewa nini, wengi zaidi walisema sindano zimewasaidia kuliko dawa za kutuliza mikazo ya utumbo. Nadhani basi sehemu ya nafuu yangu ilitokana na kulala kwa utulivu na kusikilizwa bila haraka, jambo nililolikosa sana kwenye foleni za hospitali. Nafuu hiyo naithamini kwa dhati, ila sikushauri ukope ili uilipie; bima yangu haikuchangia hata shilingi.

Ukienda, hakikisha pakiti inafunguliwa ukiona. Sema mapema kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa za hospitali usiziache. Mimi bado naenda tumbo likibana, hasa tunapofunga mahesabu ya mwaka kazini.