Mpira wa OOMOO 30 na resini ya Smooth-Cast 300 kwa vipuri vidogo vya modeli: tathmini baada ya madumu arobaini

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia bidhaa mbili za kampuni ya Smooth-On, yaani mpira wa silikoni wa kutengenezea kalibu uitwao OOMOO 30 na resini ya poliyurethani iitwayo Smooth-Cast 300, plastiki ya maji inayomiminwa ndani ya kalibu na kuganda, kwa kazi moja tu ya kutengeneza nyumbani vipuri vidogo vya modeli za magari ya kijeshi za skeli ya 1:35. Tathmini hii inahusu kazi hiyo peke yake. Anayetaka kumimina sanamu kubwa au vifaa vya kubeba uzito ana maswali mengine, na majibu yangu hayatamfaa.

Kipuri nilichokifanya mtihani ni dumu la petroli la lita 20, lile la bati lililobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na kuigwa baadaye na majeshi mengi. Dumu halisi lina kimo cha takriban sentimita 47, kwa hiyo katika skeli ya 1:35 linabaki na kimo cha milimita 13 na ushei. Juu yake kuna vishikio vitatu vilivyo sambamba, ambavyo viliwekwa hivyo ili mtu mmoja aweze kubeba madumu mawili matupu kwa mkono mmoja, na mbavuni kuna mikunjo iliyokatana kama msalaba. Vishikio hivyo ndivyo vinavyonifanya nilipende dumu hili kama kipimo cha kazi, kwa sababu nafasi iliyo kati ya kimoja na kingine ni nyembamba mno, na humo humo ndimo hewa hunaswa na mpira huanza kuchanika. Modeli za dukani kwa kawaida huja na madumu machache, ilhali gari la safari ndefu hubeba mengi. Ukishaboresha moja kwa mkono, ukalichonga mshono wake na kuliwekea kifuniko kizuri, huna hamu ya kurudia kazi hiyo mara kumi na mbili.

Nianze na mpira, kwa kuwa ubora wa nakala huamuliwa na kalibu kabla resini haijafunguliwa. OOMOO 30 huja katika makopo mawili, moja la rangi ya waridi na jingine la buluu, na huchanganywa kwa ujazo sawa au, kwa uzito, sehemu 100 za A kwa sehemu 130 za B. Rangi hizo mbili ni msaada mkubwa kuliko mtu anavyodhani. Unapokoroga unaona michirizi ya waridi ikizunguka ndani ya buluu, na maadamu mchirizi mmoja bado unaonekana ukutani mwa kikombe, kazi haijaisha. Mchanganyiko ukiwa wa zambarau moja isiyo na doa, umefika. Mimi hukwangua kuta na kona za chini kwa kijiti bapa, kisha huhamishia mchanganyiko kwenye kikombe kingine na kukoroga tena, kwa sababu kile kilichobaki bila kuchanganyika kwenye kona ya kikombe cha kwanza ndicho hutokea baadaye kama tone linalonata juu ya uso wa kalibu.

Mpira huu hukupa dakika 30 za kufanya kazi kabla haujaanza kuwa mzito, na huganda kabisa kwa saa 6. Nusu saa hiyo ni neema. Inakutosha kupaka kwanza safu nyembamba kwa brashi juu ya kipande mama, yaani kile cha asili kinachonakiliwa, ukiusukuma mpira chini ya kila kishikio, kisha kuumimina uliobaki polepole kutoka juu, kwa uzi mwembamba, kwenye kona moja ya kisanduku ili upande wenyewe na kukifunika kipande huku ukiisukuma hewa mbele yake. Sina mashine ya kuvuta hewa na sikuihitaji. Kalibu zangu zina viputo vichache ndani ya mwili wa mpira, lakini uso unaogusa dumu ni safi. Kisanduku chenyewe nilikijenga kwa matofali ya LEGO, ambayo hukuruhusu kukaza kuta zikakaribia kipande na kuokoa mpira. Kwa dumu moja, kisanduku chenye nafasi ya ndani ya milimita 40 kwa 30 na kimo cha 30 kilinila mpira usiofika gramu 50 kwa pande zote mbili.

Kuhusu kugawa kalibu, dumu hili lina fadhila ambayo waliolibuni hawakuikusudia kwa ajili yetu. Lile halisi liliundwa kwa nusu mbili za bati zilizochomelewa pamoja, na mshono wake umezama kidogo ukilizunguka dumu lote. Nililizamisha dumu ndani ya plastisini, udongo laini wa kufinyangia, hadi kwenye mshono huo hasa, nikasawazisha plastisini kwa ncha ya kisu, nikachimba vibonyeo vinne vya kuelekeza pande mbili zikutane sawasawa, kisha nikamimina nusu ya kwanza. Kwa hiyo ule mstari mwembamba wa resini ambao kila kalibu ya pande mbili huuacha huangukia ndani ya mshono, mahali ambapo jicho linautarajia, na kusafisha nakala moja huchukua dakika chache. Kabla ya kumimina nusu ya pili ni lazima kupaka mafuta ya mgando juu ya mpira wa kwanza, safu nyembamba iliyofutwa kwa brashi laini, kwa sababu silikoni hushikana na silikoni kwa nguvu na ukisahau utapata tofali moja lenye dumu ndani yake. Mafuta yakizidi nayo huacha alama za brashi kwenye kila nakala.

Udhaifu wa mpira huu ni kuchanika. Ule ulimi mwembamba unaoingia kati ya vishikio ulianza kupata ufa kwenye nakala ya 22 katika kalibu yangu ya kwanza, na ninakiri kwamba nilikuwa ninalivuta dumu moja kwa moja badala ya kuufungua mpira pembeni kwanza. Kalibu ya pili nimeitendea kwa upole na imefikisha nakala 18 bila jeraha. Zipo silikoni ngumu zaidi kuchanika, zikiwemo za aina ya platinamu, yaani zinazogandishwa kwa kichocheo cha platinamu, ambazo pia hukaa miaka mingi bila kubadilika umbo. Hata hivyo silikoni za platinamu hukataa kuganda zikigusana na plastisini yenye salfa, glovu za mpira asilia au vipande vilivyochapishwa kwa mashine kwa resini inayogandishwa na mwanga, na kwa mtu anayefanya kazi juu ya meza moja yenye kila kitu, jambo hilo ni chanzo cha hasara. OOMOO 30 ni ya aina ya bati, yaani kichocheo chake ni cha bati, na haina wivu wa namna hiyo. Kwa kipande mama kilichounganishwa kwa plastiki, gundi, madini ya risasi na udongo wa kujazia, ningeichagua tena bila kusita.

Sasa resini. Smooth-Cast 300 ni nyepesi mno, inamiminika karibu kama maji, na hiyo ndiyo sifa inayoifanya iingie kwenye mikunjo ambayo hata kucha haiisikii. Uwiano wake ni sawa kwa sawa kwa ujazo, au sehemu 100 za A kwa 90 za B kwa uzito. Baada ya kukorogwa hubaki ikipitisha mwanga, kisha ghafla, bila kuaga, wingu jeupe huanzia katikati ya kikombe na ndani ya sekunde chache kikombe chote ni cheupe na cha moto mkononi. Nakala inayotoka ni ngumu, nyeupe kama pembe ya ndovu, huchongeka vizuri kwa kisu na kukubali msasa bila kuparara. Mikunjo ya msalaba kwenye dumu langu imetoka na kingo zake zote, na hata mkwaruzo mmoja nilioshindwa kuuondoa kwenye kipande mama umejirudia katika madumu yote arobaini.

Tatizo langu na resini hii ni saa yake. Mtengenezaji anatoa dakika 3 za kutumia na dakika 10 za kutoa kwenye kalibu, vipimo vilivyochukuliwa katika joto la nyuzi 23, na katika chumba chenye joto zaidi dakika hizo 3 hupungua. Fikiria sasa kazi yenyewe. Dumu moja la skeli hii halifiki hata gramu 1 ya resini. Ukipima kiasi kidogo hivyo, kosa la nusu gramu kwenye mizani huharibu uwiano kabisa na nakala hutoka laini na zenye kunata, kwa hiyo ili kupima kwa uhakika ni lazima uchanganye angalau gramu 10 kwa 9, kiasi kinachotosha kalibu nyingi kwa mpigo. Lakini kalibu nyingi zinadai muda. Kila moja inahitaji resini iguswe kwa kijiti cha meno ndani ya vishikio kabla ya kufungwa, kisha ifungwe kwa mipira ya bendi, imiminwe, igongwegongwe ili hewa ipande. Nikitoa muda wa kukoroga, hubaki na dakika 2 hivi, na katika dakika 2 nimewahi kujaza vizuri kalibu mbili. Ya tatu mara nyingi hupata resini iliyokwisha kuanza kuwa nzito, na dumu hutoka likiwa na kishikio cha kati kilichokatika.

Na ile kasi tunayoilipia kwa haraka hiyo hatuipati kwenye vipuri vidogo. Resini hii hujipasha moto yenyewe inapoganda, na joto ndilo linaloikimbiza. Palipo na wingi wa resini huganda upesi, palipo chembamba huganda polepole kwa sababu joto hupotelea kwenye mpira. Ndiyo maana mabaki kwenye kikombe huwa jiwe wakati kishikio cha dumu bado kinapinda kama nta. Nilipokuwa nikitoa nakala kwa dakika 10 nilikuwa ninapata vishikio vilivyopinda. Sasa huziacha nusu saa. Basi kikombe kinakimbia na kalibu inachelewa, kinyume kabisa cha kile ambacho mtengenezaji wa vipuri vidogo anakihitaji. Kampuni hiyo hiyo ina Smooth-Cast 305, yenye dakika 7 za kutumia na dakika 30 za kuganda, na kwa madumu, taa, vifuniko na zana ndogo ninaamini hiyo ndiyo inayofaa. Ile ya 300 ningeiacha kwa magurudumu na vipande vizito visivyo na sehemu nyembamba, vinavyomiminwa kimoja kimoja.

Kusinyaa kwake hakukunisumbua, ila kila mtu afanye hesabu mapema. Nakala ikisinyaa kwa asilimia 1, dumu hupungua kama milimita 0.13, ambayo hakuna jicho litakaloiona. Asilimia hiyo hiyo kwenye kipande cha milimita 100 ni milimita nzima, na hapo viungo havitakutana.

Unyevu ni adui wa kweli wa resini hii. Sehemu yenye isosianati, kemikali iliyo katika moja ya chupa zake mbili, ikikutana na maji hutoa kaboni dioksidi, na nakala hujaa vitundu kama sifongo. Chupa zangu zilizokaa wazi kwa muda mfupi siku ya mvua zilinipa kundi zima la madumu yenye matundu ubavuni, nami nilijua kosa ni langu. Tangu hapo hufunga chupa mara tu baada ya kupima, hukoroga kwa kijiti cha plastiki kwa kuwa cha mbao hubeba unyevu, na hupaka poda kavu ndani ya kalibu kisha kupuliza iliyozidi. Poda hiyo pia huivuta resini iingie kwenye pembe na kupunguza viputo vya juu ya uso.

Kuhusu afya ninaomba nisikilizwe kwa uzito wote. Isosianati inaweza kuufanya mwili upate mzio nayo wa kudumu, na mtu akishafikia hapo hata kiasi kidogo humbana kifua. Glovu za nitrili, miwani ya kukinga macho na dirisha lililo wazi ni sehemu ya vifaa kama ilivyo mizani, na msasa upigwe kwa maji ili vumbi lisiruke.

Nakala zikishatoka zioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni, la sivyo rangi ya msingi itajikunja kutokana na mafuta ya mgando, na zibandikwe kwa supagluu au epoksi, kwa sababu gundi ya kuyeyusha plastiki haiigusi resini. Na kipande mama kiwe kazi ya mikono yako. Kuchukua kipuri cha resini alichokichonga fundi mwingine, kukitengenezea kalibu na kukiuza ni wizi wa usiku wake mwingi mezani, na hakuna ubora wa mpira unaouhalalisha.

Mpira nimekwisha kuuagiza tena. Chupa za 300 zilizobaki nitazimalizia kwenye magurudumu ya akiba, moja moja, na madumu yanayofuata yatasubiri ile ya 305.