Mausi ya gemu kwa hewa ya Unguja: ipi ununue kwanza

Mausi yangu ya zamani ilinifia kidogo kidogo. Kwanza mpira wa ubavuni ukaanza kunata kama utomvu wa fenesi. Nikaufuta kwa spiriti, ukabanduka. Kisha kitufe cha kushoto kikapata wazimu: nabofya mara moja, kinapiga mara mbili. Haikuwa ya bei rahisi. Lakini chumba changu kiko Malindi, ghorofa ya pili, dirisha linaangalia bahari, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Ndani ya kitufe cha kawaida mna kijibati chembamba kinachogusana na mwenzake; kikishaingia kutu, mguso mmoja huhesabiwa miwili.

Ndiyo maana mimi naanza na vitufe na ganda, halafu umbo, halafu uzito. DPI naiweka mwisho kabisa, ingawa ndiyo namba inayoandikwa kubwa kuliko zote kwenye boksi. Ni hesabu tu ya hatua ambazo mausi inazisoma ukiisogeza inchi moja. Kwenye gemu za kulenga natumia 800, na sijawahi kuhitaji kupita 1,600. Anayekusifia 30,000 anakusifia kitu ambacho hutakigusa.

Ya kwanza: Razer DeathAdder V3 Pro. Hii nimekaa nayo wiki sita, kaskazi ikiwa imekolea na kiganja kikitoka jasho mpaka mezani. Ilitoka 2022, haina waya, ina gramu 63. Vitufe vyake vikuu havihesabu kwa bati kugusa bati. Vinahesabu kwa mwale wa mwanga, kwa hiyo ule ugonjwa wa kupiga mara mbili hauna pa kuanzia. Ganda ni plastiki kavu, halina mpira wa kunata. Mgongo umeinuka na kuinama kidogo kulia, kiganja kizima kinalala juu yake kama kimepimiwa.

Nilipoijaribu dukani Mlandege niliiweka moja kwa moja juu ya kaunta ya kioo. Mausi huona kwa kijikamera kinachopiga maelfu ya picha kwa sekunde za kilicho chini yake na kuzilinganisha. Kioo kitupu hakina alama za kulinganisha, ndiyo maana mausi nyingi huganda au kuruka zikikanyaga kioo. Hii ilikwenda laini kabisa. Kihisi chake kimetengenezwa kusoma hata kioo, mradi unene usipungue milimita 2. Kwa meza zetu za sebuleni zenye kioo juu, hilo ni jambo kubwa.

Ila ni ya mkono wa kulia tu, na ni ndefu, karibu sentimita 13. Chukua rula, pima kutoka mkunjo wa kiganja mpaka ncha ya kidole cha kati. Mimi nina sentimita 19 na nusu. Ukiwa chini ya 18, shuka kwenye ya pili.

Ya pili: Logitech G Pro X Superlight 2. Ya 2023, gramu 60, chaji moja hufika saa 95, kwa hiyo umeme ukikatika usiku kucha hutaijua tofauti. Umbo lake limelingana pande zote, halimchagui mtu. Ukishika kwa kiganja au kwa ncha za vidole inakubali. Vitufe vyake pia vinahesabu kwa mwanga, huku chuma kikibaki kukupa ule mlio na mguso wa kubofya. Toleo la kwanza la 2020 bado unaweza kulikuta. Likiwa na bei nzuri lichukue, lakini tundu lake la chaji ni la micro-USB, na waya wa simu yako ya sasa huenda usiingie.

Ya tatu: Razer Viper V3 Pro. Gramu 54, nyepesi ajabu. Sifa yake kubwa ni kupeleka taarifa kwenye kompyuta mara 8,000 kwa sekunde, lakini ukiiweka hapo betri hushuka kutoka saa 95 hadi 17. Na sisi ujumbe wetu wa mchezo unavuka bahari mpaka seva ya Johannesburg au mbali zaidi, na safari hiyo peke yake hula makumi ya milisekunde. Mara 1,000 kwa sekunde inatosha.

Ya nne: Logitech G305. Kijana wa skuli anayejibana akiniuliza, namwelekeza hapa bila kusita. Ilipotoka 2018 ilikuwa dola 60, wakati hizo za juu zilianzia kama 150. Inatumia betri moja ya AA, ambayo hata duka la mtaani Wete unaipata, na inakaa mpaka saa 250. Ikiwa na betri ina gramu 99, uzito wa mgongoni unausikia. Vitufe vyake ni vya bati, basi usiiache dirishani usiku, ifunike.

Logitech G502 Hero ina vitufe 11 na gramu 121. Anayehariri video mchana na kucheza jioni ataipenda. Kwa kulenga tu, mkono utachoka mapema.

Tahadhari ya bandia: hizo tatu za juu hazina taa za rangi. Ukiiona inawaka rangi saba, irudishe kabatini. Hata inayoonekana halisi ijaribu: fika na kompyuta yako ikiwa tayari na programu ya Synapse kwa Razer au G HUB kwa Logitech, muuzaji aichomeke mbele yako. Isipotambulika kwa jina lake, usilipe. Na kama uko Pemba na mzigo unakuja kwa boti, kubalianeni kabla hujatuma pesa kwamba isipotambulika inarudi kwa boti inayofuata.